Kikohozi Kabla ya Wimbo

Jumanne, tarehe 8 Julai 1986. Mvua ilikuwa siku ya tatu, na upepo wa kusini-mashariki uliisukuma kwa ubavu hadi ikapenya chini ya mlango wa kiwanda. Mtaa mzima ulinuka mafuta ya maandazi bapa, maana mvua ikinyesha Montevideo watu hukaanga.

Siku hiyo Nélida Bentancor alirudi kazini baada ya kuugua kifua wiki mbili. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na kwa miaka ishirini na mitatu kazi yake ilikuwa moja tu, kusikiliza. Kila santuri mpya, kabla ya kufyatuliwa kwa wingi, ilipita mezani kwake. Alivaa hedifoni, akafumba macho, akaisikiliza mpaka mwisho, kisha akatia sahihi au akaikataa. Mimi nilichapa lebo chumba cha pili, na ukuta wa kati ulikuwa wa mbao nyembamba.

Alipita kwenye mashine ya kusagia ili amsalimu Wilson, mwendeshaji wake. Plastiki mpya ilikuwa haipatikani, kwa hiyo tulisaga santuri zilizorudishwa na maduka na kuzifyatua upya. Kwanza Wilson alikata kitovu cha kila moja, kwa kuwa karatasi ya lebo huharibu mchanganyiko. Pipa la taka lilijaa vitovu vya rangi ya kahawia. Nélida akaokota kimoja. Kiliandikwa Arnoldo del Cerro.

"Wilson, hizi umezitoa wapi?"

"Stoo ya nyuma, doña Nélida. Kule kwa panya. Don Ítalo kasema nimalize rafu nzima."

"Zote?"

"Zote, karibu mia tatu. Huyu bwana hakununuliwa hata na mama yake."

"Mama yake alinunua moja," Nélida alisema, akaenda chumbani kwake.

Arnoldo alikuwa kaka yake. Jina la del Cerro alilichukua kutoka mtaa alikokuwa akifanya kazi, kwenye ghala baridi la nyama, na pale kiwandani hakuna aliyejua undugu ule isipokuwa mimi. Mwaka 1965 alirekodi santuri moja ndogo, nyimbo mbili na gitaa. Kabla ya kuanza alisafisha koo, kama alivyofanya siku zote, na kikohozi kile kikabaki kwenye rekodi. Nélida alikisikia. Kwenye fomu akaandika kwamba hakuna kasoro. Santuri haikuuzika. Miaka minne baadaye Arnoldo alianguka ghalani, moyo ukasimama, na mama yao akaiweka nakala yake ndani ya jeneza. Nélida hakuwahi kupeleka nakala yoyote nyumbani kwake. Ya nini, wakati mia tatu zilikuwa nyuma ya ukuta wake?

Sasa zilikuwa chembe nyeusi ndani ya magunia, zikisubiri kuwa santuri ya kwanza ya bendi iliyoitwa Ventana Fría, yaani Dirisha Baridi. Walikuwa vijana wanne waliovaa makoti meusi, wenye vinanda vya umeme, gitaa moja na kisanduku cha kupiga ngoma bila mpigaji. Wimbo wao uliitwa "Hakuna mtu koridoni". Ulianza kwa sauti ya msichana peke yake, kisha vinanda vikaingia kama baridi inayopanda miguuni.

Jumatano Nélida akasikiliza nakala za majaribio. Sindano ikashuka, pakawa kimya, na ndani ya kimya kile, kwa mbali sana, mwanamume akasafisha koo. Ndipo msichana akaanza kuimba.

Akairudisha sindano mara nane, kisha akazikataa.

Don Ítalo, meneja wetu, akaja na fomu mkononi. "Umeandika kuna mtu anakohoa."

"Yupo."

Wilson aliyekuwa mlangoni, chupa ya chai ya yerba mate kwapani, akacheka kwa pua. "Doña, hiyo ni sauti ya msichana mwenyewe. Inavuja kutoka mstari wa jirani kwenye santuri, inasikika mzunguko mmoja kabla ya wakati wake. Nani alinifundisha hivyo kama si wewe?"

"Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Basi?"

"Basi safisha mashine, ufyatue tena."

Ijumaa nakala mpya zilikuwa vilevile. Nilimsikia kupitia mbao akiirudisha sindano, akiirudisha. Mara moja akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeita chumba cha pili asiwaamshe wengine, "Noldo?" Niliacha kuchapa. Sijui kwa nini nilingoja jibu.

Jumamosi asubuhi msichana wa bendi akaja mwenyewe. Aliitwa Rosina, mwanafunzi wa uuguzi, viatu vyeupe vimelowa.

"Señora, leo jioni tuna dansi na hatuna santuri," alisema. "Jumatatu mpiga gitaa wetu anahamia Sydney kwa wazazi wake. Hakutakuwa na dansi nyingine. Bendi ndiyo inaisha hivyo. Nakuomba."

"Nimesikia kasoro, mwanangu."

"Wimbo ni wangu. Niruhusu niisikie."

Nélida akamvisha hedifoni na kushusha sindano. Rosina akatabasamu kwa adabu, kisha tabasamu likamtoka. Akaomba tena. Mara ya tatu aliivua hedifoni polepole na kuiweka mezani.

"Meneja kaniambia ni sauti yangu inavuja."

"Ndivyo wanavyosema."

"Mimi sikukohoa. Na huyu ni mwanamume, mtu mzima." Akajikumbatia. "Basi wimbo wetu umesema uongo. Kumbe koridoni kuna mtu."

"Unamwogopa?"

Rosina akafikiri. "Hapana. Anajiandaa tu. Kama mtu anayesubiri zamu yake."

Nélida akageukia dirishani. Wakati huo Wilson aliingia kuchukua nakala za Ijumaa zilizokataliwa, akazipanga kifuani kama sahani za chakula.

"Hizo zinakwenda wapi?" Nélida akamuuliza.

"Zitakwenda wapi? Mashineni. Plastiki ni ile ile, doña. Ukikataa nasaga, nikisaga nafyatua, ukikataa tena nasaga tena. Mpaka Krismasi tutakuwa tunazunguka na kitu kimoja."

"Kwa hiyo na mimi nimemsaga."

"Umemsaga nani?"

Nélida akainuka, akamwondolea Wilson zile nakala kifuani moja moja na kuzirudisha mezani.

"Mna watu wangapi kwenye hiyo dansi?" akamuuliza Rosina.

"Mia nne, wakija."

"Watanunua?"

"Wale wetu hununua hata kama hawana cha kuchezeshea. Wanaziweka kitandani."

Nélida akavuta fomu. Mahali pa kasoro aliandika, kwa mwandiko wake wa shule, "Kikohozi cha mwanamume, kabla ya wimbo. Kiachwe." Akatia sahihi. Don Ítalo alipoisoma alitazama saa ya ukutani na kumwambia Wilson awashe mashine. Hadi saa tisa mchana santuri zote zilikuwa zimefyatuliwa. Nilibandika lebo huku nikijilazimisha nisisikilize. Rosina na wenzake walizipakia kwenye gari la maziwa waliloazima, na Nélida alisimama mvuani hadi gari likapinda kona.

Nilimwuliza kama alitaka nimwekee moja.

"Hapana," alisema. "Huyo amekwisha kuondoka. Aende."

Jumapili mvua ilikatika. Saa mbili asubuhi Nélida alikuwa kwenye soko la barabara ya Tristán Narvaja, kwenye meza ya kwanza ya santuri kuukuu, miwani puani, akipekua. Kwa hesabu yake zilipaswa kuwepo nakala kumi hivi za Arnoldo mjini, zilizonunuliwa zamani na watu asiowajua.

"Unatafuta nani, doña?" muuzaji akauliza.

"Huwezi kumjua. Hakununuliwa."

"Hao ndio ninao kwa wingi."

Akapekua meza baada ya meza, kati ya ndege wa vizimba na misumari yenye kutu, hadi mwisho wa soko. Hakumwona. Akanunua fungu la spinachi, akavuka upande wa pili wa barabara, akavuta sanduku la kwanza.