Baruti Aliyochagua Delmar

Ardith Nygaard alikuwa mpishi wa shule katika mji mdogo wa Tollef, Montana. Kwa miaka ishirini na sita watoto wa pale walimjua kwa mkono wake usio na uchoyo wa siagi, na kwa jicho lake ambalo likikukazia tu unarudisha kijiko ulichokiiba. Jambo ambalo wengi hawakulijua mpaka wamekua ni kwamba mama yule mfupi, mwenye miwani ya duara, kila Jumamosi ya kiangazi alilala kifudifudi kwenye mkeka na kutoboa kwa risasi karatasi iliyokuwa umbali wa yadi elfu moja, mahali ambapo ng'ombe huonekana kama siafu.

Hakuzaliwa na bunduki mkononi. Alianza akiwa na miaka arobaini na mitatu, baada ya kuchoka kukaa garini akifuma soksi huku mumewe, Delmar, akipiga shabaha na wenzake. Siku hiyo alishuka, akasema, "Hebu nipishe nami nione kinachokutoa nyumbani." Katika risasi kumi alizopiga, saba ziliingia kwenye duara jeusi. Delmar aliinua jicho kutoka kwenye darubini, akamtazama mkewe kana kwamba ndiyo kwanza wanatambulishwa. Tangu hapo wakagawana kazi: mke apige, mume atengeneze risasi.

Na Delmar aliijua kazi hiyo. Alikuwa fundi mitambo wa reli aliyestaafu, mtu wa kupima mara tatu kabla ya kukata. Kachumba kadogo nyuma ya jiko, kalikokuwa ka kufulia nguo, alikageuza karakana: mashine ya kushindilia risasi, mizani, madaftari, na mikebe ya baruti imepangwa rafuni. Wapiga shabaha wa wilaya tatu walimjia kuuliza watumie baruti gani, naye hakuchoka kuwaeleza.

"Kichwa kizito cha risasi ni lori lililozama matopeni," aliwaambia. "Ukiliegemea na kulisukuma polepole, linatoka. Ukilivamia kwa bega moja, bega ndilo litakalotoka. Kichwa chepesi kipe baruti ya haraka, hakina neno. Kizito kitafutie baruti inayoungua taratibu, ikisindikize mpaka mdomo wa mtutu. Ukikosea, gesi haina pa kwenda. Itarudi kukutafuta wewe."

Ardith alikuwa ameyasikia maneno hayo mpaka yakawa kama mlio wa jokofu. Hakuwahi kufungua mkebe hata mmoja.

Jumamosi moja ya Julai mwaka 1987 walikwenda kwenye mashindano, mwendo wa saa mbili kutoka nyumbani. Upepo ulikuwa wa kubadilikabadilika, nyasi zinalala huku, mara zinalala kule. Ardith alipiga raundi ya kwanza vizuri mno. Alipoinuka kwenye mkeka, shoga yake Verna Stordahl, aliyekuwa anashika nafasi ya pili, alimtupia kofia.

"Wee bibi, huna hata aibu! Waachie na wengine."

"Wewe piga zako," Ardith alimjibu. "Mimi ndiyo kwanza napasha mwili moto."

"Usinitishe. Nikikushinda leo utanipikia wiki nzima."

"Ukinishinda nitakulisha kwa kijiko."

Watu wakacheka. Delmar alimletea mkewe boksi la pili la risasi, akambusu utosini na kurudi kwenye kiti chake nyuma ya darubini. Ardith akalala, akapachika risasi ya kwanza, akafunga komeo la bunduki, akasubiri upepo utulie.

Alipovuta kifyatulio hakusikia mlio wa bunduki yake. Alisikia kitu kama bati linalopasuliwa ndani ya fuvu lake. Moto ulimpiga shavuni, dunia ikawa nyeupe, kisha kimya. Aliona nyasi. Aliona mkono wake wa kulia, akahesabu vidole, vitano. Kioo kimoja cha miwani kilikuwa na ufa katikati na vipande vya shaba vimekwama juu yake. Kitako cha bunduki kilikuwa kimepasuka kwa urefu, na komeo limeng'ang'ania pale lilipo kana kwamba limechomelewa.

Midomo ya Verna ilikuwa inacheza juu yake bila sauti. Sauti iliporudi, ilirudi katika sikio moja tu.

"...unaniona? Ardith! Niambie unaniona!"

"Nakuona. Acha kunitikisa."

Clyde Otterness, msimamizi wa uwanja, alisimamisha upigaji wote. Muuguzi mmoja aliyekuwa miongoni mwa wapigaji alimtoa Ardith kipande cha shaba shavuni, akamfunga bandeji. Watu walisimama wamekunja mikono, kila mmoja na maelezo yake: pengine mtutu uliziba, pengine ganda la risasi lilikuwa bovu. Hakuna aliyethubutu kutaja baruti. Baruti ya Delmar? Haiwezekani.

Clyde alichukua risasi moja kutoka boksi la kwanza na moja kutoka la pili. Alivitoa vichwa vyake, akamwaga baruti kwenye karatasi nyeupe juu ya meza, virundo viwili kando kwa kando. Ardith alisogea kutazama. Kirundo cha kwanza kilikuwa cha vijiti virefu vyeusi, kama ncha za penseli zilizokatwa. Cha pili kilikuwa cha punje fupi, nyembamba, laini kama mbegu za haradali. Hata yeye asiyejua kitu aliona kwamba hivi si ndugu.

"Hii ya pili ni ya haraka," Clyde alisema taratibu. "Del, si ndiyo unayotumia kwenye kile kibunduki chako cha kuulia kindi shambani?"

Delmar aliinama, akachukua punje kadhaa kwa kidole, akazitazama. Kisha akacheka. Kilikuwa kicheko cha kweli cha mtu aliyetaniwa.

"Sasa nani mwendawazimu aliyeshindilia hii nyuma ya kichwa kizito?"

Watu waliangalia chini.

"Del," Ardith alisema, "hili ni boksi lako."

"Langu? Hapana, mama."

Ardith aligeuza kifuniko cha boksi. Maandishi yalikuwa pale, tarehe ya juzi, uzito wa kichwa na jina la baruti ya polepole, kwa herufi zake zilizonyooka na nane yake ya maduara mawili yaliyoachana, ambayo hakuna mtu mwingine duniani aliyeiandika hivyo. Delmar aliisoma. Akaisoma tena. Uso wake haukuwa uso wa mtu anayedanganya. Ulikuwa uso wa mtu aliyeonyeshwa picha yake katika chumba ambacho hajawahi kuingia.

"Sikuandika hii," alisema.

Clyde alikusanya risasi zote akazifungia, akamshika Ardith kiwiko na kumwambia kwa sauti ya chini, "Endesha wewe."

Aliendesha. Sikio lilimvuma, shavu lilimwaka. Walikuwa wamepita kituo cha nafaka, ngano imeiva pande zote mbili za barabara, Delmar alipojinyoosha kitini na kuuliza kwa uchangamfu:

"Haya, mke wangu, umepata pointi ngapi leo?"

Gari liliingia kando ya barabara lenyewe, au ndivyo alivyokumbuka baadaye. Alizima injini. Alimtazama mume aliyeishi naye miaka thelathini na nne, na bandeji ya shavuni ilikuwa upande wa Delmar, inchi chache tu kutoka machoni pake.

"Del. Shavu langu limefanya nini?"

Delmar alimtazama. Ardith aliona jambo hilo likirudi kwake kidogo kidogo, kama mtu anayepanda ngazi gizani, na alipofika juu rangi yote ilimtoka usoni. Alifunika mdomo kwa viganja vyote viwili.

Kupasuka kwa bunduki kulimshtua Ardith mwili. Hili lilimwacha hana hata pa kushika. Walikaa pale mpaka lori la ngano lilipopita na kuwatikisa.

Nyumbani, hata mkoba hakuutua. Alikwenda moja kwa moja kwenye kachumba ka nyuma ya jiko, mahali alipozoea kuishia mlangoni na kikombe cha kahawa mkononi. Mikebe mitano ilikuwa mezani, yote wazi, vifuniko vimerundikwa pembeni. Kwenye daftari, hesabu ileile ilikuwa imeandikwa mara tatu kwa siku moja, neno kwa neno. Na ukutani, nyuma ya mashine, palibandikwa vikaratasi. ZIMA TAA. UMESHAKULA. RISASI ZA ARDITH: MKEBE WA KIJANI, WA KIJANI TU.

Kulikuwa na mikebe miwili ya kijani.

"Tangu lini?" aliuliza bila kugeuka.

Delmar alikuwa mlangoni, kofia mkononi. "Tangu Pasaka. Labda kabla."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia ungenitoa humu."

"Ndiyo, ningekutoa!" Sauti ilimpasuka. "Ungeniua, Del! Pale pale, Verna ananiangalia, ungeniua!"

"Najua," alisema. Akakaa kwenye kigoda akalia, na Ardith, aliyekuwa hajamaliza kukasirika, akajikuta amemshikilia kichwa tumboni mwake. Alijishangaa yeye mwenyewe pia. Funguo zilizokutwa ndani ya friji, hadithi moja aliyosimuliwa mara mbili kwenye kifungua kinywa kimoja. Yote aliyaona, yote aliyacheka. Na kila Jumamosi aliweka jicho lake inchi chache kutoka kwenye kazi ya mikono ile bila kuuliza swali.

Jumatatu alimpeleka kwa daktari, na daktari akasema kile ambacho wote wawili walikuwa wamekwisha kukijua. Baruti yote iliyokuwa wazi, ambayo hakuna aliyeweza kuapa ni ipi, aliimwaga nyembamba juu ya nyasi za uani, akaipitishia maji. Kachumba akakafunga, ufunguo akauvaa shingoni.

Alikafungua tena Novemba, theluji ilipofunga barabara. Clyde alikuwa amemwazima bunduki yake ya zamani. Ardith alinunua mikebe mipya ya baruti na kitabu cha vipimo, akaanza kama mtoto wa darasa la kwanza, Delmar akiwa kitini mikono mapajani. Siku nyingine mume alimweleza mambo kwa ufasaha uleule wa zamani, mpaka Ardith akasahau kwamba mumewe anaumwa. Siku nyingine alimwelekeza kwenye mkebe usio wenyewe kwa uhakika uleule. Ardith akajifunza kusema, "Asante, mpenzi," kisha kufungua kitabu.

Juni alirudi uwanjani kushindana. Alilala kwenye mkeka, akapachika risasi aliyoitengeneza mwenyewe, na kidole kikakataa. Alikaa hivyo mpaka jasho likamwingia machoni. Akafungua komeo, akaitoa risasi, akainuka.

"Siwezi, Verna."

Verna hakumbembeleza. "Basi niandalie kijiko," alisema. "Mwaka jana uliahidi kunilisha."

Ardith alimtazama kwa hasira, akaangua kicheko kilichokaribia kilio, akalala tena. Alivuta pumzi na kuvuta kifyatulio. Bunduki ikagonga bega lake kama ilivyopaswa, na kule mbali karatasi ikatoboka, pembeni kabisa ya duara.

Siku hiyo alikuwa wa tisa. Delmar, chini ya mwavuli na blanketi magotini, alimuuliza ni nani anayemtengenezea risasi siku hizi.

"Mimi."

"Wewe? Kwa vichwa vizito hivyo? Baruti gani?"

Alimtajia. Delmar alitazama upepo unavyolaza nyasi.

"Sijui," alisema hatimaye, kwa adabu, kama mtu anayezungumza na mgeni. "Siijui hiyo. Lakini unaonekana ni mwanamke makini."

Ardith aligeuka akajifanya anakunja mkeka. Aliukunja, akaukunjua, akaukunja tena, mpaka Verna alipokuja na soseji mbili za moto na kukaa kati yao, akaanza kumsimulia Delmar kuhusu ng'ombe wake aliyezaa mapacha.