Mshika Kamba wa Baba

Juzi nilipita Kenyamonta, kijiji nilikozaliwa, maana mimi sikai mahali pamoja, na barabara hunirudisha nyumbani bila kuniuliza. Picha za wagombea zilikuwa zimebandikwa hadi kwenye mlango wa mashine ya kusaga. Kijana wa bodaboda akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mama, wewe ni wa kabila gani? Isije ikawa unawapigia kura wale." Nikamlipa, nikashuka, nikamalizia safari kwa miguu. Usinione mkali, rafiki yangu. Nisikilize kwanza.

Nilikua wakati dhahabu imewatia watu wazimu, kabla ya mashine kubwa na uzio wa mgodi. Kulipopambazuka ulisikia wanawake wakitwanga mawe ya dhahabu kila mji, utadhani nchi nzima inatwanga mtama. Mimi nilitwanga na bibi. Vumbi lilitukaa kwenye kope na kwenye meno, na hata uji tuliunywa ukiwa na mchanga.

Baba alikuwa mchimbaji, Mkurya wa pale pale. Aliyemshikia kamba ni jirani yetu, Mjaluo aliyetoka upande wa ziwani. Aliketi juu kwenye winchi ya miti, akamshusha baba shimoni asubuhi na kumpandisha jioni. Bibi alikuwa na sheria moja: "Aliyeshika kamba yako, kula naye sahani moja." Kwa hiyo kila asubuhi jirani alikuja kwetu na dagaa wake, bibi akatoa ugali wa mtama na maziwa ya mgando, na utani ukaanza.

"Omera," baba alimwita kwa Kijaluo, yaani ndugu, "dagaa wako wananuka mpaka dhahabu inakimbia."

"Basi usile, mura," naye alijibu kwa Kikurya, kama anayemwita kijana wake. "Na hayo maziwa yako yanayonuka moshi, ng'ombe aliungua?"

Shimoni utani uliisha. Kabla hajaning'inia, baba aliuliza, "Nani ameshika?" Jibu lilikuwa moja tu: "Nimekushika." Bila jibu hilo hakushuka.

Kisha ukaja uchaguzi. Mgombea mmoja alikuja na gari lenye vipaza sauti, akasema wageni wanakula dhahabu ya wenye nchi. Wa pili, kwa watu wa upande wa ziwa, akasema wenyeji ni washenzi wa mapanga. Watu waliookota kuni pamoja wakaacha kusalimiana. Vijana wa ukoo wetu wakamjia baba: "Utamwachiaje mtu wa kabila lile uhai wako?" Baba aliwacheka. Hawakucheka. Walikwenda kumfukuza jirani kwenye winchi kwa fimbo, wakamweka binamu yake baba. Damu yetu, walisema.

Siku ya mkutano wa mwisho wa kampeni nilipeleka uji shimoni. Winchi haikuwa na mtu. Kutoka chini nilisikia sauti ya baba, imekauka: "Nani ameshika?" Maji yalikuwa yanapanda. Nikakimbilia mkutanoni. Nilimkuta binamu ameshika mfupa wa nyama ya mkutano.

"Baba yuko shimoni!" nililia.

"Nyamaza, mtoto! Mheshimiwa anaongea." Watu wazima walinikemea hivyo na kunisukuma nyuma. Mheshimiwa alikuwa anaongea juu ya damu yetu.

Nikakimbia kwa jirani. Alikuwa anafunga magodoro ili ahame. Nilipomwambia, mke wake akamshika shati. "Usiende, watasema umemuua wewe."

"Jana nilikula kwake," alisema, akaondoka mbio.

Nilimwona akiinama juu ya shimo. "Mura!"

"Nani ameshika?"

"Nimekushika."

Alizungusha ule mpini hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Baba alitoka na tope hadi kifuani. Jioni binamu alikuja na maelezo: "Nilikwenda mara moja tu, nyama zilikuwa zinaisha." Bibi alimwonyesha mlango.

Asubuhi jirani alikula kwetu mara ya mwisho, kisha lori likamchukua na familia yake. Hatukumwona tena. Wagombea wale wawili tuliwaona, baada ya kura kuhesabiwa, kwenye harusi ya mkubwa mmoja, wakicheka, mikono yao kwenye sinia moja. Nani aliwakataza kula pamoja kabla ya kutugombanisha?

Baba hakushuka shimoni tena. Vijana walimbembeleza, wakamwambia ndugu wa kushika kamba wamejaa. "Ndugu ninao wengi," alijibu. "Mshika kamba sina."

Shimo sasa limefukiwa, na mawe ya kutwangia wamejengea choo. Nilisimama pale, na kutoka barabarani nikasikia gari lenye vipaza sauti likija, likitaja damu. Watoto walikuwa wanalikimbilia.