Silabi za Mume Wangu Mdogo

Kwetu Bukavu, mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake. Wangu nilimpatia Sundbyberg, huku Uswidi, mwekundu, hana jino hata moja, nikajiandaa kumtania mpaka achoke. Binti yangu akaniwahi.

"Mama, usimusemeshe Kiswahili kwanza. Kiswidi atakipata shuleni. Hapa nyumbani tumuachie Kifaransa, kishike vizuri. Lugha mbili zinatosha."

Nilikasirika, nikanyamaza. Nyumba ni yao, na Kifaransa changu ni cha sokoni, hakifai kufundishia mtoto. Basi nikamlea kimya: namwogesha, namlisha uji, namsukuma kwenye kigari hadi kituo cha treni na kurudi, mdomo nimeufunga.

Masikio sikuyafunga. Kwanza zilikuwa sauti tupu, aaa, eee, kama mtu anayepiga miayo. Halafu midomo ikagundua kukutana: ba-ba-ba kutwa nzima, mate yakimchuruzika. Baadaye akaanza kuchanganya, ba-da, ma-ga. Siku moja nikasikia kitu kilichonikata maini. Alikuwa akiivuta silabi ya mwisho: ba-ba-baa, da-da-daa. Wanangu walipokuwa wachanga uzito waliuweka kabla ya mwisho, ba-baa-ba, kama tunavyosema sisi. Huyu hajajua neno hata moja, na tayari alikuwa anabwabwaja Kifaransa.

Laiti ningemjibu siku ile! Ningemwambia tu, "Eeh, mume wangu, umesemaje?" Binti yangu alikuwa kazini Kista, nani angenisikia? Nililia huku nikimfuta mate.

Sasa ana miaka mitatu na anaongea kama redio. Majuzi binti yangu aliniambia kwa upole, "Mama, sasa unaweza kumusemesha." Siku hiyo nilikwenda mwenyewe kumchukua chekechea, maneno yamenijaa kinywani. Mlangoni mwalimu aliniuliza jambo kwa Kiswidi, nikawa bado natafuta jibu. Mjukuu wangu, ambaye huniita Koko kama watoto wa kwetu wanavyowaita bibi zao, akaja akanishika mkono, akajibu yeye. Kiswidi changu kidogo kilitosha kumwelewa.

"Koko wangu hawezi kuongea," alimwambia mwalimu, akinitetea kama mume hasa.