Nilivyofundisha Siku ya Nne ya Uumbaji

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti Lembeni na kibegi kimoja na viatu vya kuazima. Mchungaji wa wakati ule, sasa ni marehemu, alinikabidhi ufunguo wa kanisa, kitabu cha ubatizo na kamba ya kengele, akaniuliza, "Binti, unaijua kazi ya mwinjilisti?" Nikaanza kumtajia ya chuoni. Akanikatisha. "Hayo ni ya mtihani. Hapa watu watakuuliza maswali. Usichokijua sema hukijui, hakuna atakayekufa." Nikaitikia, "Ndiyo, Baba." Kumbe nilisikia kwa sikio moja.

Ninyi vijana mnaoingia kazini sasa mnajua tofauti, lakini wengine hawajui. Mchungaji ana usharika mzima. Mwinjilisti anakaa mtaani, yaani kwenye tawi la usharika: anahubiri, anazika, anatembelea wagonjwa, na Jumamosi anafundisha kipaimara, darasa la watoto wanaojiandaa kukiri imani kwa vinywa vyao wenyewe. Kutoka Lembeni nilihamishiwa Kifaru, nikakaa miaka mingi. Kisha Mkuu wa Jimbo wa kanisa letu akanipandisha milimani, mtaa mmoja juu ya Bombo. "Kule wanahitaji mtu mkali," alisema. Alinijua. Mimi ni mkali tangu tumboni mwa mama yangu.

Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu nilipofika kwenye somo la uumbaji, siku ya nne, jua na mwezi na nyota. Nilikuwa nalifundisha kwa namna ileile miaka yote: dunia imekaa katikati, na nyota ni taa ndogo Mungu alizozitundika ili giza lisitutishe. Watoto hulipenda. Siku hiyo Nakijwa, binti wa kidato cha pili, akanyoosha mkono.

"Mama Mwinjilisti, nyota si ndogo. Na ile inayong'aa alfajiri wala si nyota, ni Zuhura, ni sayari. Inazunguka jua, na sisi tunalizunguka vilevile."

"Nani kakuambia?"

"Mwalimu wa jiografia."

"Na huyo mwalimu wa jiografia alikuwepo Mungu akiumba?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Akasema taratibu tu, "Hata wewe hukuwepo."

Loo! Damu ilinipanda. Nikamtoa nje, nikamwambia asirudi mpaka ajifunze adabu.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Orodha ya majina ya kipaimara ilikuwa inatakiwa usharikani, kwa hiyo nikajifunga kanga nikapanda hadi kwao. Baba yake alikuwa anachimba tangawizi. Alinisalimu vizuri, lakini hakunikaribisha kukaa, na kwetu mtu asipokukaribisha kukaa umeshaelewa. Nakijwa akatoka jikoni.

"Shikamoo, Mama Mwinjilisti."

"Marahaba. Mbona huji darasani?"

Akatazama chini. "Mama alipofariki, wewe ndiye uliyemzika. Ulisema pale kaburini kwamba yuko kwa Mungu. Niliamini kwa sababu ni wewe uliyesema. Sasa mambo ya nyota ulikuwa huyajui, na ulisema kama mtu anayejua. Ya mama je?"

Nilishuka ule mteremko nalia, mtu mzima na mvi zangu. Haikuwa tena habari ya jina kwenye orodha. Mtoto yule alikuwa anampoteza mama yake mara ya pili, na mimi ndiye niliyemsababishia.

Nikaenda kwa Mchungaji wetu wa sasa, kijana mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Nikamweleza yote nikitegemea anifariji. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, sayari huzijui. Nenda kajifunze."

Ilinichoma, lakini nilikwenda. Nikabisha hodi sekondari ya kata, nikakaa dawati la mbele, magoti yananigonga mezani, na yule mwalimu wa jiografia akanifundisha jioni tatu. Ni Mkatoliki, mpole sana. "Mama," aliniambia, "mimi kila nikifundisha somo hili naona kama nasali." Akanionyesha kwamba jua likiwa boga, dunia ni punje ndogo ya mtama, kwa miguu yangu hatua arobaini kutoka kwenye boga. Jupita, sayari kubwa kuliko zote, ni kindimu, hatua mia mbili. Neptuni, ya mwisho, ni njegere, huko chini kabisa mtoni. Nilicheka, halafu nikaiokota ile punje ya mtama nikaitazama tena.

Sasa, kwetu aliyekosa hadharani hurudi kundini hadharani. Husimama mbele ya madhabahu, akakiri, na washarika wakampokea. Nimewasimamisha wengi pale, walevi na wasichana waliopata mimba, na wengine niliwasemesha kwa ukali nisiopenda kuukumbuka. Jumapili ile nilimwomba Mchungaji anisimamishe mimi.

"Nilifundisha nisichokijua," nikasema, "na aliyenisahihisha nikamfukuza. Naomba mnisamehe. Na wewe Nakijwa, mwanangu, unisamehe."

Minong'ono ikaanza. Mzee mmoja wa kanisa akasema kwa sauti, "Mwinjilisti kumwomba radhi mtoto? Makubwa haya!"

"Ndiyo, makubwa," nikamjibu, "na utulie, sijamaliza."

Baada ya ibada niliweka boga kwenye ngazi za kanisa, nikawaongoza watu njiani na punje zangu. Kwenye mtama wote waliinama kuutazama, hata yule mzee. Tulipofika mtoni na njegere yetu tukageuka, na boga halikuonekana kabisa. Nikawaambia ninachokiamini mpaka leo: hakuna sayari inayotupangia bahati, wala hakuna ya kuabudiwa. Zote zimeumbwa, kama sisi, kama mbuzi wetu. Nikawaambia pia kwamba miaka yote nilizifanya nyota kuwa ndogo nikidhani namtukuza Mungu, kumbe nilikuwa nampunguza Yeye.

Nakijwa alitembea nyuma ya watu wote. Jumamosi akarudi darasani. Nikaandika jina lake. Siku ya kipaimara alikiri imani kwa sauti ndogo, na mimi niliyezoea watoto nikajua bado lile swali analo.

Jumapili iliyofuata nikastaafu. Walinipa blanketi na mbuzi jike, wakanisifu kwa niliowafundisha na niliowazika. Nashukuru. Lakini mkiniuliza ninyi vijana kazi hii ilinifundisha nini, nitasema imani ya mtu hukaa juu ya maneno yetu kuliko tunavyodhani, basi tusiyaropoke. Nilichelewa kujifunza, na aliyenifundisha alikuwa na miaka kumi na mitano.

Wiki iliyopita Nakijwa alikuja nyumbani na jembe, akaniomba nimsindikize kwenye kaburi la mama yake, majani yalikuwa yameota. Tukang'oa, mgongo wangu unalalamika. Kisha akauliza bila kuinua kichwa.

"Mama Mwinjilisti, mama yuko kwa Mungu?"

"Yuko."

"Unajua, au unaamini?"

Zamani ningemkaripia. "Sijui, mwanangu," nikasema. "Naamini. Kwa moyo wangu wote."

Akang'oa shina moja, akakung'uta udongo, akaliweka pembeni.

"Basi na mimi naamini," akasema.