Jina la Muuza Chai

Jumatatu, Juni 16, 2025, mtafsiri wa filamu katika kibanda cha video cha mtaa wa Mabawa alianza tamthilia ya mwanamke aliyetoroka utumwani, akarudi kuwakomboa wenzake. Mtafsiri huyu hushika maikrofoni kwa vidole viwili, hukohoa kabla ya kila sauti ya kike, na huwapa wahusika majina ya watazamaji ili kibanda kicheke. Safari hii yule mtumwa alipewa jina la Mboni, muuza chai wa mlangoni.

“We kaka, bibi yangu kaitwa mjakazi mpaka kaburini!” Mboni alifoka.

Kicheko kikakatika. Mtafsiri akasimamisha picha. “Samahani, mamangu. Nabadilisha jina.”

“Usibadilishe. Ushaniingiza humo, sasa nitoe utumwani.”

Jumatano saa kumi jioni mtafsiri ataonyesha sehemu ya pili, ambamo Mboni anavuka mto na watu kumi na mmoja.