Mikoko Iliyosimama Kichwa Chini

Mama Kitalu hakuwa na cheti cha kitu chochote, hata cha kuzaliwa. Alichokuwa nacho ni miaka kumi na mmoja ya kuotesha mikoko nyuma ya shule, mgongo uliopinda, na mdomo ambao hata mbwa waliukwepa. Kitu kimoja tu alikitaka: aitwe mwalimu. Mwalimu wa kitalu, siyo mbeba ndoo. Mwalimu mkuu alishamwambia, "Tuone kwanza somo la kupanda litakwendaje, mama, halafu tutaongea."

Somo lenyewe akapewa Chaki. Ndivyo watoto walivyomwita mwalimu wa sayansi, maana mikono yake ilijaa unga na kuvunjika alikuwa anavunjika upesi. Siku hiyo maji ya bahari yametoka, tope linang'aa, watoto arobaini wamekunja sketi na kaptula, kelele kama wamefunguliwa zizini. Chaki kasimama juu ya jiwe na viatu vyake vya kung'aa. Mtu anakwenda kufundisha tope na viatu vya harusi!

Akainua mbegu ya mkoko, ile ndefu ya kijani kama kalamu nene.

"Hii ncha ndiyo inayochipua. Ncha juu! Semeni!"

"Ncha juu!"

Mama Kitalu akatua ndoo. "Mwalimu wangu, samahani. Ncha ni mguu, inaingia topeni. Majani yanatokea huku kichwani, kofia ilipotoka. Ukipanda hivyo umemzika mtu miguu juu."

Angemwita pembeni yangeisha. Lakini alisema kwa sauti, watoto wakaangua kicheko, Chaki akaiva uso.

"Mama, kati yetu nani amesoma?"

"Wewe, mwalimu."

"Basi nyamaza. Watoto, kazi ya mama huyu ni nini?"

"Ndooo!"

Darasa zima, kwa raha zao. Na ndani ya ile ndooo Mama Kitalu aliisikia sauti anayoijua: mjukuu wake wa darasa la nne, aliyemlea tangu ana meno mawili. Mtoto kuona bibi anamtazama, akainamia tope.

Hapo moyo wa yule mwanamke ukajifunga komeo. Akaokota ndoo, akagawa mbegu mia nne, kumi kumi kwa kila mtoto, tena anatabasamu.

"Ncha juu, mwanangu. Msikilize mwalimu."

Watoto wakapanda mistari imenyooka, kila mmoja akafunga vipande vya plastiki vyenye jina lake.

Jioni mjukuu akasimama mlango wa jikoni.

"Bibi, zitakufa?"

"Mimi kazi yangu ndoo."

"Kesho maji yakitoka twende tukazigeuze. Mimi na wewe tu."

"Tukizigeuza, nani atajua kwamba alikosea?"

"Basi zangu tu, bibi. Kumi tu."

"Gusa hata moja, uone."

Mtoto akalala bila kula, na bibi akafunika sufuria yake, akalala vizuri.

Asubuhi moja ya kuinama ingeziokoa zote. Badala yake alipita pale kila siku, akizitazama zikiwa kahawia, kisha nyeusi. Wala hakuona haya.

Baada ya miezi mitatu mwalimu mkuu akaleta wazazi waone kazi ya watoto wao. Watoto wakakimbilia majina yao. Kila aliyeshika ya kwake ikamvunjikia mkononi, imeoza, inanuka. Wadogo wakalia mbele ya mama zao.

"Mbegu zilikuwa mbovu," akasema Chaki.

Mama Kitalu alikuwa anaingoja kauli hiyo kama mtu anayengoja zamu yake. Akatoa makopo sita, kila kopo mche wenye majani mawili.

"Mfuko uleule, siku ileile. Waulizeni watoto walipandaje."

"Ncha juu," wakajibu, kwa sauti ndogo safari hii.

Chaki akapokonywa somo palepale, jasho linamtoka, wazazi wanamcheka hadharani. Mwalimu mkuu akayatazama yale makopo, akamtazama mama.

"Kwa hiyo ulijua. Miezi mitatu yote."

"Niliambiwa ninyamaze."

Mtu mwingine wa kazi ile hakuwepo, ualimu wa kitalu akapewa yeye.

Somo lake la kwanza alivaa kanga mpya. "Ncha chini. Semeni!" Hakusema mtoto hata mmoja. Walipanda kimya, vizuri, wakaondoka.

Nyumbani akaketi mezani na mjukuu, akamsogezea sahani.

"Haya, mwite bibi yako kwa cheo chake sasa. Mimi ni nani?"

"Mwalimu," akajibu mtoto.

Bibi akacheka, kafurahi kweli. Kesho yake akaitwa Mwalimu tena, na keshokutwa. Wiki ya pili akafoka, "Hapa ni nyumbani, niite bibi!"

"Sawa, Mwalimu," akasema mtoto. "Naomba chumvi."