Kulikusanya Gari la Baba Mdogo

Tangu nirudi Morogoro, kila anayeingia gereji ananiuliza, "Mama, gari umelileta?" Nimechoka kueleza kipande kipande. Naeleza mara moja hapa, kuanzia mwanzo, na asiyeamini apande basi aende Peramiho akajionee.

Safari ilitokana na simu ya Winfrida, binti wa pekee wa marehemu baba mdogo Ditriki. Alikuwa anaolewa Jumamosi. Baba mdogo alikuwa na gari dogo la michezo, rangi ya kijani, viti viwili tu na paa la kufunua, alilouziwa na daktari wa kizungu aliyekuwa anarudi kwao. Alilitunza kuliko meno yake. Mimi ufundi nilianzia chini ya tumbo la gari lile, yeye akiniambia kaza, legeza, kaza tena. Na tangu Winfrida hajaota meno ya pili, baba yake alimwahidi kwamba siku ya harusi atakwenda kanisani ndani ya gari hilo. Mwaka jana baba mdogo akafariki, ahadi ikabaki.

"Dada Tekla," Winfrida akaniambia kwenye simu, "sitaki gari la kukodi. Nataka la baba. Na wewe ndiye unayelijua."

"Lipo lakini?"

"Lipo, dada."

Sikuuliza zaidi. Kuzika nilikwenda kuzika, lakini kwenye kuondoa matanga sikuwepo, nilikuwa nimelazwa hospitali. Kwa hiyo yaliyoamuliwa siku ile sikuyajua. Nilichojua ni kwamba kabureta ya gari lile ilikuwa imechoka siku nyingi, na nilikuwa nimelitafutia nyingine kwa shida kweli. Nikaiviringisha kwenye khanga, nikachukua sanduku la spana, nikaaga.

Morogoro alfajiri, basi liliondoka limejaa. Kabureta nilikuwa nimeipakata, siwezi kuiamini buti ya basi. Tulipomaliza kona za Kitonga, baba mmoja wa kiti cha pembeni alinitazama kwa huruma, akasema, "Mama, mtoto wako mtulivu sana, hajalia tangu asubuhi." Nikafunua khanga kidogo. Hakunisemesha tena hadi Makambako.

Njombe baridi ilitupokea kama kawaida yake, watu wakafunga madirisha. Jioni tukaingia Songea. Nililala Majengo kwa binamu yangu Otmari, mtoto wa shangazi, ambaye ni kinyozi. Usiku tulikula, tukacheka, tukamkumbuka marehemu, na Otmari hakunigusia lolote kuhusu gari. Sasa ndiyo naelewa kwa nini alikuwa ananiongezea mboga kila mara.

Asubuhi nikapita saluni kwake kumuaga. Mteja alikuwa ameegemea, povu mashavuni, kwenye kiti cha ngozi ya kahawia chenye mshono mwekundu. Ule mshono niliushona mimi!

"Otmari! Hiki kiti kimetoka wapi?"

"Fungu langu hilo, mlongo wangu," akajibu bila kugeuka, wembe mkononi. "Kile cha pili kiko pale, wateja wanakikalia wakisubiri."

"Fungu la nini?"

"La gari. Si tuligawana?"

Yesu na Maria! Nilikaa kwenye kiti cha pili. Otmari akanieleza taratibu, kama anavyomweleza mteja kwamba upara hauna dawa. Nyumba na shamba waliwaachia mjane na Winfrida, hapo hakuna aliyegusa. Ugomvi ulikuwa gari. Watu sita walilitaka, na kila mmoja alidai marehemu alimwonjesha ahadi. Ndipo baba mkubwa Xaveri, mkubwa wa ukoo, akaamua: mali ya marehemu hailaliwi na mtu mmoja, ligawanywe kwa haki. Likagawanywa. Kwa spana.

"Na nyinyi wote mkanyamaza?"

"Tulimshangilia," akasema Otmari.

Nilimwambia navihitaji viti mpaka Jumamosi. Akanyoa kwanza shavu zima la yule mteja, kisha akasema, "Kuazima, naazima. Ila vikiondoka, na mimi naondoka navyo. Siwezi kukaa huku sijui nani kavikalia."

Mjimwema, hapo hapo Songea, nilifika kabla jua halijawa kali. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Shangazi Gaudensia, dada yake marehemu na mama yake Otmari, alikuwa uani anawafungulia kuku. Banda lilikuwa zuri, la matofali ya kuchoma, na mlango wake ulikuwa mlango wa gari la baba mdogo. Wa kijani. Unang'aa! Aliukamata kwa kitasa, akaufungua kwa heshima, kuku wakashuka mmoja mmoja kama mabibi harusi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu Tekla. Karibu. Mbona umekunja uso?"

"Shangazi, huo mlango..."

"Naufuta kila Jumapili baada ya misa," akasema, akadhani namsifu. "Angalia bawaba. Nazipaka mafuta. Kaka yangu angekuja leo asingekuta kutu hata ya kulamba."

Kweli, kutu haikuwepo. Hasira yangu ilikosa pa kushika. Nilipomwomba auazime kwa ajili ya Winfrida, akavuta kigoda akakaa. "Mtoto wa kaka yangu siwezi kumnyima. Lakini mlango wangu hauendi mahali peke yake. Uliko, nipo."

Peramiho nilifika mchana na Hiace, mlango wa gari nimeukumbatia, shangazi kando yangu akikagua kila anayeusogelea. Mama mdogo Eusebia, mjane wa marehemu, alitupokea kwa machozi, kisha akanipeleka nyuma ya nyumba. Sitasahau. Gamba la gari lilikuwa limekaa juu ya matofali, halina magurudumu, halina milango, ndani umebaki usukani na pedali tu. Mzabibu wa baba mdogo ulikuwa umeanza kuingia mahali pa taa. Niliweka mikono kichwani, nikalia kwa sauti kama nimefika msibani upya.

Winfrida alisimama pembeni, kichwa chini. "Ningekwambia ukweli usingekuja," akasema.

"Ulisema lipo!"

"Lipo, dada. Liko kwenye nyumba nyingi tu."

Mama mdogo akaingia ndani, akatoka na kifurushi. "Na wewe hukusahauliwa. Walikutengea." Nikafungua. Ilikuwa honi. Miaka yote ile ya kulala chini ya gari, na fungu langu honi! Nilitaka kuitupa migombani. Nikaitazama shingo yake ilivyosuguliwa, nikaiweka mfukoni.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa baba mkubwa Xaveri, kijiji cha jirani. Nilisikia sauti kabla sijaona. Injini ile naijua hata nikiwa usingizini, na nilijua inatoka kwenye kibanda cha mashine ya kusaga. Haki ya Mungu, walikuwa wameifunga mkanda, inasaga mahindi! Injini iliyotengenezwa kukimbizana na upepo imesimama kwenye vumbi la unga, nyeupe tupu, na kina mama wamepanga ndoo mstari mrefu.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Najua kilichokuleta, na jibu ni hapana." Baba mkubwa ni mtu wa kauli moja. Akanionyesha magunia matatu ukutani. "Unayaona? Ni ya harusi ya mdogo wako. Nikiing'oa injini leo, Jumamosi wageni tutawalisha matairi?"

Nilibisha. Nilimwambia mali ya fundi haiwekwi kwenye pumba, nilimwambia ahadi ya marehemu ni deni, nilimwambia mengine ambayo siyaandiki kwa sababu ni baba yangu. Katikati ya maneno injini ikakohoa, ikapiga chafya mbili, ikazima. Mama mmoja kwenye mstari akasonya. Baba mkubwa akazungusha, akazungusha, wapi. Kisha akanitazama, akaitazama khanga niliyoipakata. Hakuomba. Na mimi nilijua tatizo ni nini, tena kabla haijazima.

Roho iliniuma, nawaambia kweli. Nikiifunga kabureta yangu pale, injini haitatoka tena kabla ya harusi. Nisipoifunga, hakuna unga, na mama zangu wale watarudi na ndoo za mahindi vichwani. Nikafungua khanga. Ilipowaka, ilivuma laini kama siku za ujana wake, na kina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe.

Jioni nikamwambia Winfrida kwamba gari halitakuwa na injini. Alikuwa anachambua mchele. Hakulia. Akauliza, "Magurudumu litakuwa nayo?"

"Nitayapata. Wajomba zako wamefungia mkokoteni."

"Basi litasukumwa."

Nikacheka, nikidhani anatania. Hakuwa anatania.

Peramiho hapo, kuanzia asubuhi hadi giza, nilirudi kwenye kazi ninayoijua. Nikakata mzabibu, nikasugua kutu kwa msasa, nikapaka rangi palipoachia. Milango yote miwili ikarudi, ule wa pili na vipande vingine nimeviazima kwa ndugu waliobaki, bawaba zikaitikia bila hata nyundo. Otmari alileta viti kutoka mjini, akavifunga mwenyewe, mtu mwingine asiguse. Kilichoninyima usingizi kilikuwa breki, kwa sababu kutoka nyumbani hadi kanisani kuna mpando halafu kuna mteremko. Pistoni za breki zilikuwa zimeganda. Nikazifungua, nikazisafisha, nikatafuta raba mpya Songea mjini zinazokaribiana na zile. Zilikaa. Nikakanyaga pedali mara nyingi kuliko nilivyosali wiki ile.

Jumamosi asubuhi wenye mafungu walikuja wote. Jamani, sikujua kama ni harusi au ni mkutano wa mipaka ya mashamba! Kila mtu alisimama pembeni ya mali yake: mwenye taa mbele, mwenye boneti, wenye magurudumu, shangazi kiganja juu ya mlango wake, kitenge kipya, kilemba kimesimama. Mwisho akatokea baba mkubwa Xaveri, koti la suti na unga kwenye nyusi.

"Wewe huna kipande hapa," shangazi akamwambia.

"Nina mabega," akajibu, akaenda nyuma kwenye buti.

Winfrida akaketi kushoto, shela limejaa mapajani. Mimi nikashika usukani. Honi nilikuwa nimeiunganisha na betri ya kuazima, nikaipiga, na ukoo mzima ukasukuma. Mpando ulikuwa mrefu. Walihema, walilaumiana, "wewe husukumi, umejishikiza tu," wakaimba, wakasahau kulaumiana. Watu wakatoka majumbani. Nilimwona Winfrida anatazama mbele tu, midomo imebana, na nikaogopa kwamba ameona aibu.

Tukafika juu. Nilikuwa nimewaambia na kuwarudia: tukianza mteremko, vuteni kwa nyuma. Nani alisikia? Walivyofurahi kumaliza mpando, wakatoa msukumo wa mwisho wa nguvu zote, gari likawachomoka mikononi.

Loh! Nilipiga kelele. Nyuma nikasikia, "Mlango wangu! Mlango wangu!" na mwingine, "Viti! Shikeni viti!" Kwenye kioo niliuona ukoo wote unakimbia, suti, vitenge, viatu mkononi, kila mtu anafukuza chake. Upepo ukaingia, shela likapaa juu ya vichwa vyetu. Gari lile, bila injini, lilikumbuka kukimbia. Lilikaa barabarani chini kabisa, likaikata kona kwa adabu, na mimi nikalia na kuogopa kwa wakati mmoja. Ndipo nikasikia kicheko. Winfrida alikuwa anacheka, mikono juu, anacheka kwa sauti ya baba yake. Tangu tumzike sikuwahi kumsikia anacheka.

"Usikanyage breki, dada! Bado!"

Nikakanyaga lango la kanisa lilipokaribia. Raba zikashika. Tukasimama mbele ya ngazi, padri mlangoni kashika kitabu, macho yamemtoka. Winfrida akanyoosha mkono kwenye kitasa.

"Acha!" Ilikuwa sauti ya shangazi Gaudensia. Alikuwa anashuka mteremko peku, kilemba kimepotea njiani, na hakuna aliyethubutu kusogea mpaka afike. Akafika. Akashika gari kwanza, apate pumzi. Kisha akaufungua mlango wake kwa mikono miwili.

"Shuka, mwanangu," akasema. "Baba yako amekufikisha."

Baba mkubwa Xaveri alikuwa amefika nyuma yake. Aligeukia ukuta wa kanisa, na mabega yale aliyokuja nayo yalikuwa yanatikisika.

Jumatatu asubuhi nilianza kurudi. Siku hiyo ndiyo tuliyokubaliana kila mtu achukue chake, na walikuja kweli, spana mikononi. Wakalizunguka gari. Wakasalimiana. Otmari akasema, "Atakayeanza na aanze." Nilisubiri mpaka Hiace ikapiga honi, na hakuna aliyekuwa ameanza.

Nimejifunza nini? Hapa gereji nilikuwa na maneno ninayowaambia wateja wabishi, kwamba gari bila injini ni bati, lipeleke kwenye vyuma chakavu. Nimewahi kumwambia hivyo mzee mmoja aliyesukuma gari la marehemu mkewe hadi hapa kwangu, akaondoka nalo kimya. Wiki hii nimemtafuta. Nimemwambia alirudishe.